Kurasa za Baridi

Mwanangu Hamisi,

Injini ya lori lile lililokufa Molo niliiua mimi. Mama yako hajui, bibi yako wa Likoni hajui, tajiri wangu wa gereji hajui. Hata kwenye dua zangu, miaka sita hii, jambo hili nimekuwa nikilipita mbiombio, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye mbwa.

Nimeandika maneno hayo, nikaifunika karatasi kwa kitabu, nikatoka uani kunywa maji. Nimerudi, bado yapo. Basi na niendelee.

Wewe na mama yako mmevuka feri kwenda kumuaga bibi, na najua hamrudi mpaka awalishe. Nimeswali alasiri, nimekaa chumbani kwako, kwenye meza yako, natumia wino wako. Kesho jioni gari la moshi linakuchukua. Habari za kufua, za kula, za kuswali kwa wakati, hizo mama yako amekwisha kukwambia, na bila shaka anakwambia tena hivi sasa kwenye feri, watu wakisikia. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina asubuhi moja tu ya kukupa, na asubuhi yenyewe si nzuri.

Siku ilipokuja barua ya Karisa ulitusomea wewe, pale barazani. Nadhani waikumbuka kuliko mimi: Wazungu wa kiwanda cha mbao wanauza na kwenda zao kabla bendera haijabadilishwa, wanaacha mashine na vitabu vyake. Mashine Karisa anazijua kwa mkono, vitabu hawezi. Amesikia kwa madereva kwamba mtoto wa fundi Omari amemaliza shule na Kiingereza anacho. Apewe kijana huyo, yeye atamfundisha dizeli, na kijana amsomee. Atalala kwake. Aje na blanketi mbili.

Na mwisho kabisa yule aliyemwandikia aliweka, bila shaka kwa maneno yake Karisa mwenyewe: *Na mwambie asiniletee petroli.*

Ukacheka. "Baba, petroli ya nini kwenye dizeli?"

"Utani wa Karisa huo," nikasema.

"Wagiriama na utani wao," akasema mama yako.

Nikacheka pamoja nanyi, Hamisi. Kisha nikainuka nikasema nakwenda kutazama kuku, na kuku hatuna tangu mwaka jana. Mama yako alinitazama mpaka nikazunguka ukuta. Tangu siku hiyo nimeianza barua hii mara nne, na kila nikisikia mguu mlangoni naificha.

Karisa unamkumbuka. Ndiye dereva aliyekuwa akikuletea korosho kutoka kwao Kaloleni, akakupandisha kwenye lori ukapiga honi mpaka mtaa mzima wa Magongo ukalalamika. Ulimwita Ami. Alipoacha kuja uliniuliza, "Ami Karisa yuko wapi?" Nikakwambia amehamia bara, amepata kazi nzuri. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Uliniamini mara moja, ukarudi kwenye mpira wako.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Sote pale gereji tulijifunza kazi kwa magari ya petroli. Halafu tajiri akanunua malori mawili ya dizeli, mapya, yananuka rangi, na kila moja lina kitabu chake cha Kiingereza. Akatukusanya uani, akaniita mbele. "Omari ndiye msomi hapa. Atasoma, awaambie."

Wewe ni mtoto wangu, kwa hiyo utanielewa. Shuleni nilikuwa yule mtoto anayejua jibu na asiyenyanyua mkono. Chuoni, kwenye Kurani, nilisoma taratibu hata mwalimu akadhani nimelala. Hata nilipooa, bibi yako ndiye aliyesema yote, mimi nilikuwa natazama mkeka. Na siku ile, watu wenye ndevu, mafundi waliokuwa wakishika spana mimi bado natembea bila viatu, walinyamaza wakingoja mimi nifungue mdomo. Sikulala vizuri kwa furaha.

Basi kila adhuhuri, baada ya chakula, tulikaa kwenye kivuli cha lori, nikawa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kuwaambia kwa Kiswahili. Pampu ya dizeli. Chujio. Jinsi ya kutoa hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta. Yote hayo niliyasema vizuri, na mpaka leo wako mafundi hapa Changamwe wanaofanya kazi kwa maneno yangu ya adhuhuri zile.

Halafu nikafika kwenye kurasa nne zenye picha ya mtu amevaa glavu na paa lina theluji. Zilikuwa zinaeleza namna ya kuliwasha lori wakati wa baridi. Nikazitazama. Zilikuwa na maneno matatu, au manne, ambayo sikuyajua. Sikutaka kukwama mbele za watu. Nikazifunua zote kwa pamoja, nikaziruka.

Karisa akaniona. "Na hizo, msomi?"

"Hizo za Ulaya. Za theluji. Hapa hazituhusu."

"Bara kuna baridi, bwana. Mimi nimelala Molo, najua."

"Baridi ya bara ni ya kuvaa koti," nikamwambia. "Hii ni ile ya maji kuwa mawe."

Watu wakacheka, naye akacheka. Ikapita. Na kwa kuwa kwenye ukurasa mwingine kitabu kilisema nchi za joto zitiwe oili nzito, na joto la Mombasa sote twalijua, nikachagua nzito kuliko zote dukani, nikaitia mwenyewe. Nilijiona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Safari ya kwanza ya kwenda mbali tulipakia mabati na saruji kwenda Molo. Karisa dereva, mimi fundi, kwa sababu lori jipya haliachwi bila fundi. Kuanzia kilima cha Miritini alianza kunitania hakunyamaza mpaka Voi. Ati Mdigo akivuka Mariakani anatafuta bahari kwenye vioo. Ati nimebeba shati mbili na kikoi kama mtu aendaye harusini Likoni. Nami nikamwambia Mgiriama akiona kilima anadhani ni shamba la mnazi. Tulikuwa hivyo sisi. Sikuwa na rafiki mwingine niliyeweza kuzungumza naye bila kwanza kuyapanga maneno kichwani.

Tulifika Molo jua linazama, tukalala ndani ya lori mbele ya duka la kushushia. Hamisi, ile baridi sitaieleza vizuri, utaikuta mwenyewe. Nilidhani ninaumwa. Kulipokucha nilifungua mlango nikaona majani yote yamekuwa meupe, kama mtu amepita akimwaga chumvi. Nikashuka nikayagusa. Yakavunjika.

Nikapanda, nikapiga stata. Hapa kwetu lori lile ulikuwa ukiligusa tu linawaka. Pale lilitoa sauti ya mtu mzima anayeamshwa kwa nguvu: *uuu*, kimya. *Uuu*, kimya. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, oili ikaning'inia pale kama halua inayokataa kushuka kwenye kijiko. Palepale nilijua. Ile oili yangu ya kitaalamu ilikuwa imeishika injini ndani kama matope yanavyoshika mguu, na betri nayo baridi imeila nusu ya nguvu zake.

Karisa alikuwa anapuliza vidole. "Wenyeji hapa huwasha makaa kwenye karai, wanasukuma chini ya injini, oili ilainike. Na maji ya moto kwenye rejeta. Kuna mama wa chai pale chini, nakwenda kumwomba. Wewe tulia, usiimalize betri."

"Haya."

"Tulia, Omari. Nusu saa tu."

Alikuwa sawa kwa kila neno. Dereva asiyejua kusoma aliniambia yaliyokuwa kwenye kurasa zile nne, karibu yote, naye aliyajua kwa kuwa aliwahi kulala pale na kuwatazama wenyeji wakifanya. Hilo ndilo lililoniuma. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni na watu wake, wanatazama lori jipya la Mombasa na fundi wake aliyejitanda kikoi mabegani. Nikaona Karisa atarudi na karai la makaa mbele ya watu wale, na mimi nitakuwa mtu aliyesema *hazituhusu*.

Nilikuwa na chupa ya petroli ya kuoshea vyuma. Nikalifungua chujio la hewa, nikalowesha kitambaa, nikakiweka mdomoni mwa njia ya hewa. Kisha nikaona haitoshi, nikamimina. Si kidogo. Nikapanda, nikapiga stata kwa pumzi ya mwisho ya betri.

Ilishika. Iligonga mara moja, mara mbili, kwa sauti ambayo injini haitakiwi kuwa nayo, kama mtu anapiga nyundo kutokea ndani. Mara ya tatu nikasikia chuma kinakubali kupinda. Halafu kimya. Mkono wa pistoni ulikuwa umevunjika.

Nililirudisha chujio mahali pake, kitambaa nikakisukuma chini ya kiti. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo yenyewe, vizuri kabisa, kila skrubu. Karisa akaja na ndoo ya maji yanayotoka moshi, nyuma yake mama wa chai na karai la makaa kichwani.

"Imekuwaje? Nimesikia kishindo."

"Imekataa," nikasema. "Imekufa yenyewe."

Mpini wa ndoo ulikuwa unamuunguza. Akainama akaokota kitambaa chini ya kiti ili aushikie. Nakumbuka sasa, wala sikuwa nikikumbuka mpaka barua yake ilipokuja, kwamba alikileta kitambaa kile karibu na uso wake. Akanitazama. Kisha akaushika mpini, akamwaga maji yote chini, akamshukuru yule mama kwa makaa yake.

Lori lilivutwa kurudishwa. Waliotuuzia malori wakamtuma mhandisi wao, Mzungu, aje Changamwe kuuliza. Tajiri alikuwa Kisumu juma lile. Ofisini tulikuwa watu watatu: mhandisi asiyejua Kiswahili, Karisa asiyejua Kiingereza, na mimi katikati.

Mhandisi akauliza dereva alifanya nini asubuhi ile. Nikamwuliza Karisa. Naye akajibu, na maneno yake ninayo neno kwa neno:

"Mwambie nilipiga stata nikamwachia fundi. Nikaenda kwa mama wa chai kutafuta maji ya moto na makaa. Injini ilipovunjika mimi sikuwapo. Aliyekuwapo ni wewe, basi yaliyobaki utamwambia mwenyewe."

Tazama alivyonifungulia mlango. Hata stata aliipiga yeye katika maelezo yake, na ukweli niliipiga mimi. Alinipunguzia mzigo, akaniachia kipande kimoja tu nikibebe.

Nami nikamgeukia mhandisi nikamwambia kwa Kiingereza kizuri, bila kukwama hata neno moja, kwamba dereva anasema alikuwa akipiga stata tangu alfajiri mpaka injini ikavunjika.

Mhandisi akaandika.

Karisa akaniuliza taratibu, "Mbona maneno yangu yalikuwa mengi na yako machache?"

"Kiingereza ni kifupi," nikamwambia.

Tajiri aliporudi, karatasi ilikuwa mezani kwake: dereva ameilazimisha injini ikiwa baridi. Karisa akasema, "Tajiri, mimi sikuwapo." Tajiri akanigeukia. "Omari?" Nilikuwa na nafasi ya pili, mwanangu, wengi hawapewi hata moja. Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa." Si uongo, unaona? Nilikuwa nimejifunza kusema uongo kwa maneno ya kweli.

Karisa hakubishana. Aliweka funguo za lori mezani, akazipanga vizuri, akaniambia, "Haya, msomi. Msalimie mtoto." Cheti cha kuachishwa kazi alichopewa kilisema ameharibu gari kwa uzembe. Kwa cheti kile hakuna aliyemkabidhi lori tena, si hapa wala Nairobi. Akarudi Molo, kwa sababu ndiko alikojulikana na mama wa chai, akaanza kubeba magogo kiwandani. Ufundi alionao leo aliupata kwa kutazama, kama alivyoupata ule wa makaa. Na mimi mwaka uleule nikafanywa fundi mkuu.

Mtu mwingine angekwambia aliteseka sana. Sitakwambia hivyo. Nilikula, nililala, nilikununulia sare ya shule. Kilichobadilika ni kitu kidogo: niliacha kusoma kwa sauti. Mafundi wakiniletea kitabu nasema macho yananiuma. Ndiyo maana umenisomea barua na magazeti tangu ukiwa darasa la nne, ukidhani unanisaidia macho. Macho yangu ni mazima.

Nimekutazama ukikua na haya zangu zilezile. Wageni wakija unajibu "labeka" kutoka nyuma ya mlango. Watu wanasifu, wanasema mtoto wa Omari ana adabu. Nami nainuka naenda zangu uani, kwa kuwa nazijua haya hizo. Nusu yake ni adabu kweli. Nusu ya pili ni kuogopa kuonekana hujui, na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyomwaga petroli. Sikutukani, mwanangu. Nakuonyesha mahali palipo na utelezi kwa sababu mimi nilianguka hapo.

Huko utakuwa katikati ya watu, kama nilivyokuwa. Mashine zitakuwa na vitabu, na vitabu vitakuwa na maneno usiyoyajua. Siku hiyo ikifika sema, "Neno hili silijui." Sema kwa sauti, mbele ya watu wa magogo na wa makaa. Watacheka kidogo, kisha watakwenda kunywa chai. Mtu akikupa maneno yake uyapeleke upande wa pili, yapeleke yote, hata yale yanayokutaja wewe. Hayo zaidi.

Na kwa kuwa mimi ni fundi, sijui kumaliza bila kuongea habari za injini. Asubuhi moja lori litakukatalia. Usiwe na haraka. Nenda nyuma mwenzako akipiga stata, utazame moshi. Ukitoka mweupe, dizeli inafika ila haipati joto la kuwaka. Hapo linahitaji joto na subira, hakuna zaidi. Usipotoka moshi kabisa, dizeli haifiki. Labda baridi imeigandisha kwenye chujio, labda hewa imeingia, nawe kutoa hewa unajua, nilikufundisha kwenye lori la maji. Na likizunguka kwa uzito, kama linaamshwa usingizini, iache betri ipumzike, tia makaa chini ya injini, ukae hapo uyalinde.

Halafu kuna kitufe. Kando ya pampu, kidogo, ukubwa wa kifungo cha kanzu. Ukikibonyeza kabla ya kupiga stata, pampu inaongeza dizeli kwa ajili ya kuwasha injini baridi. Kilikuwapo kwenye lori lile tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimekiosha kwa mkono wangu, nikadhani ni pambo la kiwandani. Kidole gumba kimoja, Hamisi, na karai la makaa la mama wa chai, Karisa angekuwa bado anaendesha lori, nawe ungeendelea kula korosho.

Hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa pili katika zile nne. Nilizisoma hatimaye, mwaka mzima baadaye, peke yangu, nikiwa na kamusi. Yale maneno nisiyoyajua hayakuwa magumu. Moja lilikuwa ni glavu tu.

Sasa kuna jambo la kesho. Barua hii si ya kumpelekea Karisa. Sitaki uwe tarishi wa aibu yangu. Nimeandika karatasi nyingine, iko chini ya hii. Ni maneno yake ya siku ile ofisini, yote, kwa Kiswahili kama alivyoyasema, na chini yake kwa Kiingereza, kama nilivyotakiwa kuyasema. Kisha yangu: oili, petroli, kitambaa. Nimetia sahihi. Asubuhi, kabla ya gari lako, nakwenda kumpa tajiri, nimwombe cheti kipya kwa jina la Karisa. Huenda nikaondoka pale bila kazi. Mama yako nitamwambia usiku wa leo, na hilo naliogopa kuliko tajiri.

Ukitaka, fuatana nami. Sikulazimishi. Lakini ningependa asimame mtu anayejua lugha zote mbili, asikilize, na nikiruka kitu anishike mkono.

Ukiona baada ya kusoma haya kwamba huwezi kwenda kulala nyumbani kwa mtu niliyemfanyia hivi, nitaelewa. Ila fikiri. Mwenyewe alijua. Alinusa kitambaa, alinyamaza mbele ya mama wa chai, hakunitaja mbele ya tajiri, akabeba magogo. Na baada ya miaka sita, alipotaka mtu wa kumsomea vitabu vyake, alimtaka mtoto wangu. Nimelitazama jambo hilo kila upande na sijalipatia jibu. Labda anataka kuona kama utasoma kurasa zote. Labda alikupenda tu, kwa ajili ya ile honi. Utakapofika utamjua kuliko nilivyomjua mimi.

Na akikuuliza, "Umeniletea petroli?", usicheke kama mtu asiyeelewa. Mwambie, "Ami, baba amesema ni yeye." Maneno hayo tu nakuomba unibebee. Mengine nitayaleta mwenyewe kwa miguu yangu, nikishapata nauli na uso wa kumtazama.

Kitabu cha lori nakupa. Ndicho ninachokifunikia barua hii tangu alasiri. Kina alama za vidole vyangu kila mahali, oili ya miaka. Utafunua na kila ukurasa una gumba langu pembeni. Isipokuwa nne. Zile nilizisoma nimenawa mikono, usiku wa Ramadhani, kama mtu anayefanya jambo la siri. Utazijua kwa weupe wake. Zichafue.

Nasikia sauti ya mama yako kwa jirani, anaeleza namna feri ilivyojaa. Na hatua hizi zinazokuja upande huu ni zako, nazijua, unaburuta ndara ya kushoto tangu mdogo. Umefika ukumbini. Mkono wangu umekwenda kwenye kitabu wenyewe, kwa mazoea.

Nimekisogeza kando. Karatasi iko wazi. Unauliza kama unaweza kuingia, kwenye chumba chako mwenyewe.

Ingia, mwanangu. Soma hapahapa nami nipo, na usome kwa sauti.

Baba yako,
Omari